Ndiyo ya mzee anayesahau ni ya nani?

Mwezi huu tunaomba mtuvumilie, kwa sababu tunaanza na kosa letu wenyewe.

Miaka michache iliyopita, sisi wa kamati ya kutembelea wagonjwa hapa Nakivale tuliitwa nyumbani kwa mama mmoja mjane, mzaliwa wa pande za Fizi, ambaye watoto wote wa kijiji humwita koko. Mpwa wake alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa. Alisema ni ya shamba la mawese ambalo mama aliliacha Kongo, na kwamba mama amekubali kumwachia yeye. Tukauliza, "Koko, unakubali?" Akatabasamu, akasema, "Ndiyo, wanangu." Akapaka kidole wino. Nasi tukaandika majina yetu chini kama mashahidi, tukaomba, tukanywa chai, tukarudi makwetu.

Majuma mawili baadaye mama alitushika mkono mlangoni mwa kanisa, akatuuliza ni nani amekwenda kuvuna mawese yake mwaka huu.

Tulimwita yule kijana. Alitujibu kwa upole kabisa: "Mama alisema ndiyo, na ninyi ndio mlioshuhudia." Hatukuwa na la kujibu. Maana tulijua. Mama alikuwa amekwisha kuteketeza sufuria mbili jikoni. Alituita kwa majina ya ndugu zake waliokufa katika vita vya 1996. Daktari alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa nyumbani kwamba ni ugonjwa wa ubongo unaoitwa dimensia. Tulijua yote hayo, na bado tuliona ni adabu kuichukua ndiyo yake kama ilivyotoka kinywani.

Basi swali letu ni hili: ndiyo ya mtu ambaye akili yake imeanza kupungua ni ya nani? Ni yake, au ni ya yule anayemwuliza?

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba mzee akisahau ni uzee tu, au ni mawazo ya vita, au kuna jirani aliyemtupia kitu. Madaktari wanasema ni ugonjwa, na kwamba duniani watu zaidi ya milioni 55 wanao. Ulio mkubwa kati ya aina zake una jina la Alzheimer, daktari wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1906. Lakini si kila anayesahau anao. Kupungukiwa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, huzuni nzito, damu iliyovuja kichwani baada ya kuanguka, hata dawa fulani, vinaweza kumvuruga mzee, na baadhi ya hivyo hutibika. Kwa hiyo mzee aende kwanza hospitalini, kabla mtu hajatafuta karatasi. Na ikiwa ni dimensia kweli, mara nyingi haiji kama radi. Kati ya siku ya daktari na siku ya giza kubwa huweza kupita miaka.

Miaka hiyo sisi tunaipitisha kimya. Kwetu, mtoto akimwuliza baba yake ameweka wapi vitu vyake, ni kama amemchimbia kaburi. Ataambiwa ana tamaa. Basi watoto wenye heshima wananyamaza, wanaogopa kusemwa. Yule asiye na haya ndiye anayeuliza, na anauliza peke yake, usiku, wenzake hawapo. Heshima yetu imekuwa mlango wa mwizi.

Na kwa sisi wakimbizi jambo hili lina uzito zaidi. Nani kati yetu alikimbia na hati ya shamba? Katika Kongo, tangu sheria ya ardhi ya 1973, udongo ni mali ya Serikali, na mashamba mengi ya vijijini hayana karatasi yoyote. Mpaka ni mwembe na kijito. Ushahidi ni jina la jirani wa upande wa juu na jina la mtawala wa kijiji aliyegawa. Yote hayo yamo katika kichwa cha mzee. Mzee akisahau, ofisi ya ardhi ya familia imeungua, na vijana waliozaliwa hapa Isingiro hawatajua hata waulize nini.

Tunamfikiria Isaka. Macho yake yamefifia, anaomba chakula ili ambariki mkubwa wake, na Rebeka anamvika Yakobo ngozi za mbuzi mikononi. Isaka alisikia kabisa kwamba sauti si ya Esau, lakini akaamini alichopapasa. Sisi ambao tangu uhakiki wa 2018 tunapitisha vidole katika mashine tunaielewa hadithi hii kuliko wengi: mkono ulikubalika, mtu hakuwa yeye. Na Isaka alipogundua alitetemeka, ila baraka haikurudi. Kidole cha koko nacho kilikuwa kidole chake halali. Kilichokosekana ni koko mwenyewe.

Lakini yule Yakobo aliyedanganya, alipozeeka Misri, mgeni katika nchi aliyoiendea kwa sababu ya njaa, alifanya vizuri kuliko baba yake. Hakungoja. Alimwita Yusufu angali anajua anachosema, akamwapisha juu ya mahali pa kuzikwa. Kisha akawabariki wajukuu kwa mikono iliyopishana, mkono wa kuume juu ya mdogo. Yusufu akadhani mzee amechanganyikiwa, akataka kuusogeza. Mzee akamwambia kwamba anajua anachofanya. Tunalitazama sana jambo hilo, kwa sababu tunaweza kukosa pande zote mbili: kumwamini mzee asipojua, na kutomwamini anapojua.

Hili la pili lilitupata mwaka uliofuata. Mzee mmoja wa ushirika wetu, baada ya daktari kumwambia jina la ugonjwa, alituita asubuhi na mapema pamoja na watoto wake wote. Alisema mtu wa kumpokelea mgao, na wa kushika simu yake ambayo mtoto wake wa Marekani hutumia pesa, awe binti wa katikati. Si kifungua mimba. Nyumba nzima ilinuna. Mkubwa alisema waziwazi kwamba baba amekwisha kupotea. Mmoja wetu akamwuliza mzee kwa nini. Akasema, "Mkubwa wangu ana huruma kwa kila mtu. Anayekuja analia anapewa. Mwezi utaisha kabla ya tarehe 10." Siku hiyo mzee hakukumbuka ni mwaka gani, lakini watoto wake aliwajua.

Hapo tulijifunza kwamba akili haizimiki yote mara moja kama taa. Mtu anaweza kushindwa kuhesabu chenji dukani, na bado akajua nani wa kumwamini. Kwa hiyo tumebadilisha namna yetu ya kushuhudia. Tunakwenda asubuhi, kwa maana jioni wengi wao huchoka na kuvurugika. Tunatumia lugha ya mama yake, Kibembe au Kifuliiru au yoyote ile. Anayenufaika na karatasi anasubiri nje, hata akikasirika. Hatuulizi tena "unakubali?", kwa sababu mzee mwenye adabu hujibu ndiyo ili asiwaaibishe wageni. Tunamwomba atuambie yeye kwa maneno yake karatasi inasema nini, na kesho yake itakuwaje kwa ajili ya karatasi hiyo. Tunarudi siku nyingine na kumwuliza tena. Jibu likigeuka, kalamu inabaki mfukoni.

Sheria ya Uganda haiko mbali na mambo haya. Wosia ni wa mtu mwenye akili timamu, lakini sheria ya urithi inakubali kwamba hata mtu ambaye kwa kawaida akili zake zimeharibika anaweza kuandika wosia katika muda ambao zimemrudia. Inataka mashahidi wawili au zaidi, na wao watie sahihi mbele ya mwenye wosia. Shahidi ambaye ameachiwa kitu katika wosia huo huo anakikosa, yeye au mwenzi wake. Ipo pia sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma: anayemwandikia mtu wa namna hiyo lazima amsomee na kumweleza, kisha aandike jina lake mwenyewe na anwani yake. Koko alisomewa Kifaransa. Mtajaza wenyewe.

Kiwanja tunacholima hapa si cha kuuza wala kupangisha. Kanuni za wakimbizi za 2010 zinatupa kukitumia tu, kwa hiyo asiwepo wa kumtia mzee kidole ili "amnunulie" kiwanja chake. Na ile karatasi ya kumpa mtu mwingine mamlaka ya kusimama mahali pako ina hila ambayo wengi hawaijui. Kwa sheria ya Kiingereza ambayo Uganda iliirithi, karatasi ya kawaida ya namna hiyo hukoma pale aliyeitoa anapopoteza akili, yaani hukoma saa ile ile inapohitajika. Baada ya hapo njia ni mahakama, na mahakama ni mbali na ni ghali. Ndiyo maana mambo madogo yafanywe mapema: kumwandikisha mtu wa pili wa kupokea mgao, kumwambia mtoto wa ng'ambo pesa zipitie simu gani, kuibadilisha namba ya siri ambayo kila mjukuu wa miaka 12 anaijua, kuandika daftari la mashamba na madeni. Madeni pia, tafadhali. Wafu wetu wanadaiwa sana.

Limebaki swali ambalo linatugawa hata ndani ya kamati. Yule mzee wa pili, akili zikiwa nzuri, alisema mbuzi wake wanne ni wa karo ya mjukuu. Leo anataka wauzwe ili apande basi arudi Uvira kwa mama yake, ambaye alikufa zamani. Analia kwa uchungu wa kweli. Je, tumtii mzee wa jana, au huyu aliye mbele yetu? Kaka mmoja kati yetu anasema wa jana hayupo tena, na mtu anayelia ndiye jirani. Wengine tunasema neno la jana lilitolewa hasa kwa ajili ya siku kama hii, na kulitupa ni kumwibia mtu aliyetuamini.

Hatujamaliza, lakini tumekubaliana namna ya kuishi. Kitu kisichoweza kurudishwa, kama shamba au karo ya mtoto, kinafuata neno alilolisema akiwa na nuru. Mambo ya siku moja yanafuata anachotaka leo: anachokula, shati analovaa, wimbo anaotaka urudiwe mara tano. Binti yake humwekea mfukoni shilingi 2,000 kila Jumapili. Anawagawia watoto wote njiani na anafika kanisani hana kitu, anang'aa. Mbuzi wako zizini.

Kuhusu koko, tuliandika karatasi nyingine, mara hii kwa Kiswahili. Tulieleza kwamba tulishuhudia, na kwamba mama hakuelewa alichokubali, na kwamba tulijua. Tukatia sahihi majina yale yale. Nakala moja ina binti yake mkubwa, nyingine imo katika sanduku la kanisa. Kama itasaidia siku moja huko Fizi, Mungu ndiye ajuaye. Kijana hajatusalimu tangu siku hiyo. Mama naye anaendelea kutuuliza habari za mawese yake, nasi tunamwambia bado hayajaiva. Kama huo ni uongo, tutaujadili katika toleo lingine.