Jee, Chupa ya Wiski Yaweza Kuzaa Sadaka?

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Twaulizwa mara kwa mara na ndugu zetu wa Kitale na Bungoma juu ya desturi iliyokwisha kuwa ya kawaida katika karamu za vilabu, mashindano ya gofu na jioni za kuchangisha fedha. Mtu hutoa chupa ya wiski ya bei kubwa. Tikiti zenye nambari huuzwa mezani, vipande vyake vikatiwa ndani ya kofia au ndoo, mkono ukaingizwa, nambari ikatajwa, na mwenye nambari hiyo akaondoka na chupa. Fedha zilizokusanywa hupelekwa kwa nyumba ya mayatima, kwa wodi ya hospitali au kwa karo ya watoto wa maskini. Swali ni hili: Muislamu afanye nini akiletewa tikiti hiyo? Na kamati zetu za madrasa na mayatima zikiletewa fedha hizo, zizipokee au zizirudishe?

Swali hili si dogo, wala wanaouliza si watu wa kutafuta hila. Waislamu katika miji hii ni wachache. Twakaa na majirani wema, twafanya nao kazi na biashara, na watoto wetu wasoma pamoja nao. Mwenye kukataa tikiti mbele ya wenzake aonekana bakhili au mwenye kiburi. Na upande wa pili yuko mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa karo, ambaye hajui fedha yatoka wapi, ajua tu kwamba haipo. Kwa hivyo haitoshi kutamka neno moja, "haramu", kisha tukaenda zetu. Yatupasa tueleze kwa nini, na tuoneshe njia nyingine.

Tuanze kwa kuzitaja hoja za wenye kuitetea desturi hii, na tuzitaje kwa uadilifu. Wasema: kwanza, wiski hii imetolewa bure, hakuna fedha ya mayatima iliyonunua ulevi. Pili, mwenye kununua tikiti nia yake ni kusaidia, na chupa ni kichekesho tu cha kuwachangamsha watu. Tatu, manufaa yako wazi: dawa zimenunuliwa, na watoto wamesoma. Jee, mtoto aache kusoma kwa sababu ya chupa moja?

Hoja hizi zina nguvu machoni pa watu, lakini si mpya. Mwenye kuisoma aya ya 219 ya Suratul Baqara ataona mambo matatu yametajwa mahali pamoja: ulevi, kamari na utoaji wa mali. Masahaba walimwuliza Mtume (s.a.w.) juu ya ulevi na kamari. Jawabu iliyoteremka haikukana kwamba yamo manufaa kwa watu. Iliyakiri, kisha ikayapima pamoja na dhambi, ikahukumu kuwa dhambi ni kubwa zaidi. Na papo hapo, katika aya ile ile, wakauliza watoe nini katika mali zao, wakajibiwa kuwa watoe kilichozidi haja zao. Ndugu msomaji, tazama mpango huu. Mambo matatu ambayo karamu zetu zimeyafunga fundo moja, Qur'ani imeyataja pamoja, kisha ikayatenga.

Na jee, manufaa hayo yaliyokiriwa yalikuwa yapi? Wafasiri wameeleza. Manufaa ya ulevi yalikuwa faida ya biashara yake. Ama manufaa ya kamari, yalikuwa ni kulisha maskini!

Waarabu wa zama za ujahilia walikuwa na mchezo uitwao maysir. Wakati wa baridi na njaa, wakubwa wa kabila walinunua ngamia kwa deni, wakamchinja na kumgawa mafungu. Walikuwa na mishale kumi ya kura. Saba ilikuwa na hisa, wa kwanza hisa moja, wa pili mbili, na hivyo hivyo mpaka wa saba, uliokuwa na hisa saba. Mitatu ilikuwa mitupu. Mishale ikatiwa mfukoni, ikatolewa mmoja mmoja. Mwenye mshale wa hisa akapata nyama, na mwenye mshale mtupu akalipa bei ya ngamia bila ya kupata kitu. Na washindi hawakula nyama ile. Waliwapa mafakiri, na wakajifakhiri kwayo. Aliyekataa kuingia katika mchezo walimpa jina la kumtukana, wakamhisabu bakhili.

Basi linganisha. Mishale ile ndiyo tikiti hizi, na mfuko ule ndio ndoo hii. Maskini ni yule yule, na mwenye kukataa aitwa bakhili kama alivyoitwa zamani. Tofauti ni moja tu, nayo yazidi kutulemea: wao zawadi yao ilikuwa nyama, ambayo ni halali, na washindi wakawapa maskini. Sisi zawadi yetu ni ulevi, na mshindi aenda nao nyumbani kwake. Ikiwa ile iliyokuwa bora kuliko hii ilikatazwa, hii itahalalishwa kwa njia gani? Amri ya mwisho ilipoteremka katika Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ulevi na kamari vikaitwa uchafu katika kazi ya shetani, na haukuwekwa mlango wa nyuma kwa ajili ya mafakiri. Na Madina wakati ule ilikuwa na mafakiri. Ahlu Suffa walilala msikitini kwa Mtume wakiwa na njaa, na hapana aliyechezewa kura ili ashibishwe.

Sasa tuzijibu hoja moja moja.

Ama kusema kwamba chupa imetolewa bure, twajibu kuwa Mtume (s.a.w.) hakumlaani mnywaji peke yake. Katika hadithi mashuhuri ya watu kumi wametajwa pia mwenye kuuza ulevi, mwenye kuununua, mwenye kuubeba na mwenye kula thamani yake. Na mtu mmoja alimletea Mtume ulevi kuwa ni zawadi, hakuupokea. Yule mtu alipotaka auzwe, Mtume akamfahamisha kuwa aliyeharamisha kuunywa ndiye aliyeharamisha kuuuza. Na lililo zito zaidi ni la Abu Talha. Alikuwa akiangalia mayatima waliorithi ulevi, akauliza aufanye nini. Akaamrishwa aumwage. Akauliza kama aweza kuugeuza siki, akakatazwa. Hiyo ilikuwa mali ya mayatima wenyewe, si ya mtu mwengine, na ulevi ulikuwa umekwisha kuwako, hakuna aliyekwenda kuutafuta. Kama ingalikuwako chupa ambayo yafaa kuokolewa kwa ajili ya yatima, ingalikuwa ile.

Ama nia, ni kweli kwamba amali ni kwa nia. Lakini nia njema huitukuza halali, haiigeuzi haramu. Na nia hii yapimwa kwa urahisi. Iondoeni chupa, kisha mpite mezani na bakuli tupu. Fedha zikiingia kama zilivyoingia, basi chupa haikuhitajiwa tangu mwanzo. Zisipoingia, basi watu walikuwa wakinunua bahati, na jina la yatima lilikuwa ni kifuniko. Tuchukue mfano: tikiti 200 zimeuzwa kwa shilingi 500 kila moja, zimekusanywa shilingi 100,000. Mmoja aondoka na chupa, 199 waondoka mikono mitupu, na kila mmoja wao alipotoa fedha yake alikuwa baina ya kupata na kupoteza. Wanazuoni waliposema kamari, hali hii ndiyo waliyoikusudia. Tena Mtume (s.a.w.) amefundisha, katika hadithi ya Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kumwambia mwenziwe "njoo tucheze kamari", na atoe sadaka. Yaani sadaka ni dawa ya kuifuta kamari. Vipi dawa itatengenezwa kwa sumu ile ile?

Ama manufaa, hatuyakani, kwani Qur'ani haikuyakana. Bali twauliza: manufaa haya yatugharimu nini? Nchi yetu imekwisha kuyaona majibu. Sheria ya kamari ilipitishwa Kenya mwaka 1966, na kwa miaka mingi vibanda vya Kenya Charity Sweepstake viliuza tikiti katika miji, jina lake lenyewe likibeba neno la hisani. Kizazi kikazoea kwamba kujaribu bahati ni jambo la heri. Kisha kamari ikaingia katika simu. Leo kijana wa Bungoma hahitaji kibanda wala karamu. Acheza akiwa kitandani, kwa fedha ya mbegu au ya karo. Kampuni ya SportPesa, iliyoanza Kenya mwaka 2014, ilifadhili timu za Gor Mahia na AFC Leopards, na watu wakasema: tazameni faida ya kamari. Mwaka 2019 ilipozozana na Serikali juu ya leseni na kodi, ufadhili ukakatwa, timu zikabaki zikihangaika kulipa wachezaji. Jambo lililosimama juu ya bahati huanguka pamoja na bahati.

Na ulevi? Mwalimu yeyote wa Kitale au Bungoma aweza kutwambia ni watoto wangapi wafika shuleni bila ya chakula kwa sababu mshahara wa baba umekwisha kwenye busaa na chang'aa. Mwenye kunywa wiski klabuni asema yeye si kama hao. Lakini ulevi ni mmoja, umetofautiana bei. Ni ajabu kubwa kumsomesha yatima kwa kile kile kilichoharibu nyumba ya jirani yake.

Wala katika haya hatuko peke yetu. Majirani zetu wa Kanisa la Marafiki, waitwao Quakers, waliofika Kaimosi mwaka 1902 na wenye hospitali yao Lugulu, wao pia hufundisha kujiepusha na ulevi na kamari. Desturi hii ililetwa na walowezi waliojaa Trans Nzoia baada ya Vita vya Kwanza, wakaanzisha vilabu vyao. Walowezi walio wengi wamekwenda zao; hakuna sharti la kuihifadhi desturi yao.

Hata Makureshi kabla ya Uislamu waliona haya katika jambo hili. Walipoijenga upya Al-Kaaba waliagana wasitie ndani yake ila chumo safi, wala wasitie fedha ya zinaa, ya riba wala ya dhuluma. Mali safi ikawapungukia, wakaiacha sehemu ya Hijri nje ya jengo, na iko nje mpaka leo. Waliona ni afadhali nyumba ndogo ya mali safi kuliko kubwa ya mali chafu.

Basi jawabu yetu ni hii. Muislamu asinunue tikiti, wala asiiuze, wala asitoe chupa. Lakini asikomee hapo, kwani mwenye kukataa tikiti kisha akakaza mkono wake, huyo ni bakhili kweli! Na apeleke fedha zake mchana, kwa mkono wake, kwenye nyumba ya mayatima ile ile, apewe risiti isiyo na nambari ya kura. Kamati zetu zisiombe fedha za bahati nasibu wala zisitoe jina lao litumiwe. Zikiletewa, zirudishe kwa maneno mazuri, na zimwombe mtoaji atoe mchango ulio wazi. Ama mgonjwa aliyetibiwa katika wodi iliyojengwa kwa fedha hizo, na mtoto aliyelipiwa karo asijue, hao hawana dhambi. Imamu Ghazali ameeleza kuwa mali ya haramu isiyojulikana mwenyewe huweza kutolewa kwa mafakiri, nayo kwao ni halali. Lakini hiyo ni njia ya kujitoa katika haramu iliyokwisha kutokea, si ruhusa ya kwenda kuichuma. Mwenye kuzima moto si sawa na mwenye kuuwasha ili asifiwe kwa kuuzima.

Na njia ya halali tunayo, tumeilaza. Trans Nzoia ni ghala la mahindi la nchi hii. Zaka ya mazao yawajibika yakifika wasaq tano, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi huzikadiria kilo 653, yaani magunia saba na robo ya kilo 90. Mazao ya mvua hutolewa fungu la kumi, na ya kumwagiliwa kwa gharama nusu ya hilo. Muislamu aliyevuna magunia 40 kwa mvua, manne si yake, ni ya mafakiri. Wangapi katika sisi huyatoa? Tungeyakusanya kila baada ya mavuno, yakaandikwa na kusomwa mbele ya watu msikitini, mafakiri wetu wasingengoja karamu ya mtu. Kisha na harambee iko, mtu akatoa mbele ya wenzake bila ya kungoja nambari.

Kabla ya kuilaumu ndoo ya klabu, basi, na tufungue ghala zetu. Tukiyatoa magunia ya maskini, neno letu juu ya chupa litasikizwa. Tusipoyatoa, watatwambia, na watasema kweli, kwamba wao angalau wametoa.

Wa billahi ttawfiq.