Mwacha Asili Ni Nani?

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Sisi tuishio ughaibuni tumeigeuza methali hii kuwa fimbo: mtoto akijibu kwa Kiingereza, tunamchapa nayo. Ni nadra kujiuliza asili hiyo ni ipi. Neno asili lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, kama lilivyotujia neno marahaba. Mengi tunayoyalinda leo yaliwahi kuwa mageni kwa waliotutangulia.

Tuzitazame familia zilizoondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964, nyingi zikahamia Oman, hasa baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970. Kazi zilibadilika, na watoto wakasomeshwa kwa Kiarabu. Hata hivyo, Kiswahili hakikutoka majumbani. Katika nyumba moja mjini Muscat nilimwona mjukuu akimsalimu bibi yake kwa Kiarabu na kumbusu kichwani, bibi akaitikia, "Marahaba." Salamu ilikuwa mpya, heshima ni ile ile.

Je, basi kila badiliko ni halali maadamu kiini kimebaki? Hapa nasita, kwa sababu aliyebadilika kwa hiari yake ndiye anayejipa haki ya kuamua kiini ni kipi.

Marehemu mama yangu aliishi nasi Uingereza kwa miaka minne. Nyumba ilikuwa tulivu: ugomvi haukuwapo, na watoto walifanya vyema masomoni. Mezani tulizungumza Kiingereza, maana ndicho kilichokuwa chepesi kwetu. Mama alikula, akatabasamu, akaenda kulala mapema. Nikadhani amezoea. Usiku mmoja nilimsikia chumbani akizungumza kwa simu na mama mdogo aliyeko Unguja. Alicheka hadi sauti ikapenya ukutani. Nikatambua kwamba kicheko kile sijakisikia mezani kwangu hata mara moja.

Uimara niliojivunia ulikuwa unalipiwa na mtu mmoja, kwa kimya chake. Tangu hapo, familia inapobadilika, nauliza kwanza ni nani anayebeba gharama, na kama amepewa nafasi ya kusema.

Tulianza kula chakula cha usiku kwa Kiswahili. Watoto walivuruga ngeli bila huruma, "kijiko yangu", "maji yake iko wapi", na mama akawasahihisha huku akicheka. Asili niliyokuwa karibu kuiacha ilikuwa imeketi nami meza moja, ikila kimya kimya.