Mwezi Mwekundu na Foleni ya Darubini

Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa, na sisi wa Afrika Mashariki tulijaliwa kuona tukio lote, pale mawingu yaliporuhusu. Kuanzia saa mbili na nusu usiku, kwa dakika 82, ulizama kabisa katika kivuli cha dunia. Wekundu wake ulikuwa mwanga wa jua uliopenya pembezoni mwa angahewa yetu: mawio na machweo yote ya dunia yakiumulika kwa pamoja. Mwenye Zaburi ya 8 hakulijua hilo, na bado alishangaa. Sisi tunalijua. Tuna udhuru gani wa kutoshangaa?

Usiku kama huo wapenda nyota hukusanyika na darubini zao. Hawalipwi. Nawapenda kwa ajili ya foleni yao: aliyenunua darubini kwa fedha zake husimama kando, mtoto wa jirani akaangalia kwanza, naye humweleza bila haraka. Nchini Kenya, Susan Murabana amefikisha darubini hadi kwa watoto wa shule za vijijini. Hiyo naiita huduma, hata kama haitangazwi madhabahuni.

Kuna aliyetumia ujuzi huohuo vingine. Februari 1504 Christopher Columbus alikuwa amekwama Jamaika, na wenyeji walichoka kuwalisha mabaharia wake waliokuwa wakiwaibia. Katika almanaka yake aliona kwamba mwezi utapatwa usiku wa tarehe 29. Akawaita wakuu wao, akawaambia Mungu amekasirika na ataonyesha ghadhabu yake mwezini. Mwezi ulipoiva, wakaja mbio na vyakula. Yeye alijifungia chumbani akihesabu muda, kisha akatoka kutangaza msamaha.

Ndugu zangu wahubiri, hapo nasema nanyi. Nabii Yoeli alitaja mwezi kuwa damu, na Petro aliyarudia maneno hayo siku ya Pentekoste. Lakini Petro alikuwa akitangaza Roho aliyemiminwa, na watu wapatao 3,000 walibatizwa siku ile. Hakuna aliyekimbilia uvunguni. Mhubiri anayeichukua tarehe ya kupatwa kwenye kalenda, akaihubiri kama ufunuo wake, kisha akaitisha sadaka, huyo ni mwanafunzi wa Columbus. (Jirani zetu Waislamu wana swala maalumu ya kupatwa, na wamefundishwa kwamba mwezi haupatwi kwa ajili ya kifo cha mtu. Wametutangulia hapo.)

Tarehe 31 Desemba 2028 mwezi utapatwa tena kikamilifu. Kwetu utachomoza jioni ukiwa umekwisha kuanza kumegwa, na baada ya saa moja usiku utakuwa mwekundu wote. Ni Jumapili, na usiku wa mkesha wa mwaka mpya. Wachungaji, msianze ibada mapema. Watoeni watu nje kwanza, na watoto watangulie mbele. Mwezi hauhitaji miwani.