Kuitwa na Kuitika

Mwaka 1971, Ugogo ikiwa imeungua kwa ukame, Julius Nyerere alikaa kwa muda Chamwino, mashariki ya mji wa Dodoma, akifyatua matofali pamoja na wanakijiji. Hiyo ndiyo Operesheni Dodoma. Watu walioishi mbalimbali katika tembe zao, kila kaya na mifugo yake, waliitwa wakae pamoja karibu na maji, shule na zahanati. Waliitwa; na wengi, hatimaye, walipelekwa. Baina ya vitenzi hivi viwili pana jambo ambalo Wakristo wamelijadili kwa karne kumi na sita bila kulimaliza.

Jambo lenyewe ni hili. Paulo, anapowaandikia Warumi, huwakumbusha kwamba Yakobo aliteuliwa na Esau akaachwa kabla hawajazaliwa, hawajatenda jema wala baya. Ikiwa Mungu huteua hivyo, binadamu amebakiwa na hiari gani? Na ikiwa binadamu ndiye mwamuzi, Mungu amebakiwa na enzi gani? Wamisionari wa CMS waliojenga Mvumi, ambayo leo imo katika Wilaya ya Chamwino, walitoka katika Kanisa ambalo ibara ya 17 ya imani yake hufundisha kuwa wateule walichaguliwa kabla dunia haijaumbwa. Lakini watu hao hao walimsihi Mgogo atubu, na kumsihi mtu ni kukiri kwamba aweza kukataa.

Msomaji wa Pwani huenda akatabasamu hapa, kwani mlango huu anaujua kwa upande wake. Kadhaa na kadari zimewakesha wanazuoni wake pia, na wafuasi wa Ash'ari walitafuta njia ya katikati: tendo huumbwa na Mungu, mja akalikasibu. Fundo ni lile lile, ijapokuwa kamba ni nyingine.

Kiswahili nacho kimelishika fundo hili kwa namna yake. Tangu uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, Mkristo wa Afrika Mashariki anapotoa ushuhuda husema, “Nimeokoka.” Hasemi amejiokoa; hiyo ingekuwa kufuru. Wala aghalabu hasemi ameokolewa, ingawa ndivyo anavyoamini. Huchagua kauli ya kutendeka, ile ya kikombe kilichovunjika na mlango uliofunguka, ambayo hueleza yaliyotokea bila kumtaja aliyeyatenda. Pale ambapo wanateolojia wa Ulaya walitengana kwa maneno makali, silabi moja imewasitiri waumini wote.

Si kila mtu aliweza kusitirika. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, alianza kwa kuitetea hiari dhidi ya Wamani. Ilipokaribia 396, akisoma maneno yale yale ya Paulo, aliona ametekwa na hoja: hata kutaka kwenyewe ni kipawa, na Mungu humvuta mtu kwa kuyageuza mapenzi yake kutoka ndani. Hadi hapo hakuna aliyedhurika. Lakini Agostino alikuwa pia askofu, na mbele yake walikuwapo Wadonato waliojitenga na Kanisa. Kwanza alitaka washawishiwe kwa maneno tu. Kufikia mwaka 408 hivi aliandika kwamba amebadili shauri, maana ameona sheria za dola zikiirudisha miji mizima. Akaushika mfano wa karamu katika Injili ya Luka, ambamo mwenye nyumba humwagiza mtumwa atoke njiani na kwenye nyua, awashurutishe watu waingie.

Mwenye kuifahamu Chamwino hushtuka asomapo habari hiyo. Nyerere naye alianza na hiari. Maandishi yake ya 1967 juu ya ujamaa vijijini yalisisitiza kuwa watu wajiunge kwa ridhaa, na mwaka 1968, katika Uhuru na Maendeleo, alishikilia kwamba mtu haendelezwi, hujiendeleza. Novemba 1973 ikatoka amri: ifikapo mwisho wa 1976, wakulima wote wawe wanaishi vijijini. Malori yakaja. Katika sehemu kadhaa za nchi nyumba zilichomwa ili wenyewe wasirudi. Nia yake haina haja ya kutiliwa shaka. Matofali aliyafyatua kwa mikono yake. Maji yalikuwa heri, shule ilikuwa heri, na wapo wazee waliolia siku ile ambao wajukuu wao walijua kusoma. Ndiyo maana kosa ni gumu kuliona.

Kosa ni kuazima uwezo usioazimika. Mungu wa Agostino, mtu amkubali au asimkubali, huingia moyoni, na amteuaye humfanya apende alichoteuliwa. Hatimaye mtu huja kwa miguu yake mwenyewe. Mtawala hana mlango huo, na askofu hana. Wana lori, wana sheria, wana kiberiti. Awezaye kuugeuza moyo pengine aweza kumchagulia mtu bila kumvunjia uhuru. Asiyeweza amebakiwa na sauti tu, aite, kisha angoje. Kungoja huko, wakati mvua haijanyesha na watoto wana njaa, ni mateso ambayo si haki kuyadharau.

Neno la kungojewa ni kuitika. Kwa umbo linafanana na kuokoka na kuvunjika. Kwa maana ni kinyume, kwani hakuna awezaye kumwitikia mwingine moyoni mwake. Wapenzi wa ushairi wanalijua kutokana na kiitikio, na kwaya za Wagogo makanisani hulitenda: sauti moja hutangulia, kisha wengi huipokea. Ikipokewa kwa hofu wimbo bado huenda, na aliye nje ya dirisha hawezi kubainisha.

Nyerere alibatizwa mwaka 1943, akiwa mtu mzima, kwa kuomba mwenyewe. Uzeeni alizitia Injili zote nne katika utenzi, zikachapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho mwaka 1996; hivyo mfano wa karamu ulipita mikononi mwake mara mbili. Kwa Luka, walioshurutishwa hawasemwi tena: kisa huishia kwa waliokataa. Mathayo ndiye anayetuingiza ukumbini. Watu wamekusanywa barabarani, wema kwa wabaya, na mfalme anapita akiwatazama. Mmoja hakuvaa vazi la harusi. Anaulizwa ameingiaje humo bila vazi, na mtu yule, aliyekuwa njiani kwa shughuli zake, hasemi neno.