Baba Harusini

Bi harusi aliniletea picha moja tu. Nyingine ziliteketea kwenye moto wa Faza wa mwaka 2009, ule uliokula mamia ya nyumba; hii ilisalimika kwa kuwa ilikuwa kwa shangazi yake Mombasa. Marehemu babake amesimama, kanzu nyeupe, kofia ya vito. "Mtie kwenye video, kaka. Asimame nyuma yangu. Basi."

Nikamkata kutoka kwenye picha. Nyuma yake ikabaki miraba ya kijivu na nyeupe kama ubao wa drafti, alama ya kompyuta kwamba hapa hapana kitu. Nikatoa klipu, nikaiweka juu ya video ya harusi, na mzee akaja na mraba mweusi mgongoni, kama mlango wa nyumba isiyo na taa.

Kosa langu. Nilihifadhi kwa mp4 ya H.264, na hiyo kwa kawaida hubeba rangi tu. Chaneli ya alfa, inayoiambia kila pikseli ionekane kiasi gani, hutupwa njiani. Nikarudia kwa ProRes 4444 (422 isingesaidia, haina alfa). Mraba ukaondoka, ukabaki mstari mwembamba mweusi kuizunguka kanzu. Huo ni ugonjwa mwingine: pikseli za ukingoni zilikuwa zimeshachanganywa na weusi, na programu haikujua. Ukiiambia, mstari hufutika. Nikaiambia.

Mzee akasimama safi, na hapo ndipo nikaogopa.

Sisi neno letu ni moja, uwazi, kwa kitu kinachopenyeka macho na kwa mtu asiyeficha. Kazini kwangu yanapigana. Uwazi wa leya ukikaa sawasawa, hakuna atakayejua kwamba mkono wa mtu umepita hapo.

Nilimwambia bi harusi. Akacheka: "Faza nzima yajua babangu kafa. Namdanganya nani?" Kweli, Faza hadanganyiki mtu, waliomzika wanakaa mtaa huo huo. Lakini video haikai Faza. Inapanda WhatsApp, inafika Mombasa, inafika Oman, na miaka thelathini mbele mjukuu ataitazama na kusema babu alikuwepo. Hakuna aliyetamka uongo, na bado mtoto ameamini jambo ambalo halikutokea. Sidhani kwamba mapenzi ya binti yanalifuta hilo. Wala sidhani nina haki ya kumnyima babake kwa sababu ya mjukuu ambaye hata hajazaliwa.

Nikapendekeza tumpunguze, asilimia sitini, ukuta uonekane kupitia kwake. "Kama jini? La, kaka!"

Basi nikaurudisha ule mstari mweusi. Mwembamba, usingeuona kwenye simu. Sikumwambia. Mimi, niliyemhubiria uwazi.

Jioni mamake aliitazama kwenye kompyuta yangu. Aliweka kidole kwenye skrini, pale pale ukingoni mwa kanzu, akanyamaza. Kisha akasema, "Rudisha nyuma, mwanangu. Nimwone tena."