Kukinai na Kukosa

Kitenzi kukinai kina nyuso mbili katika Kiswahili. Aliyekinai ni mtu aliyeridhika na alichonacho, ambaye jicho lake halimtoki kwenda kwenye sahani ya mwenziwe. Lakini aliyekinai aweza pia kuwa ni mtu aliyekula halua kupita kiasi, hata ikamchafua moyo na asitake tena kuiona. Lugha imekiacha kitenzi kimoja kibebe kuridhika na kuchukizwa, na ndani ya hali hiyo pana hekima. Hamu ya mwanadamu haina budi kukoma mahali. Kinachotofautiana ni nani anayeikomesha. Mmoja hujizuia mwenyewe ilhali sahani bado ina chakula. Mwengine huzuiwa na tumbo lake.

Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilipotoa ripoti yake mwaka 1987, ilieleza kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayotimiza haja za watu wa leo bila ya kuvizuia vizazi vijavyo kutimiza haja zao. Maelezo hayo yamenukuliwa kila pembe ya dunia, na uzito wake wote umekaa juu ya neno moja: haja. Ripoti ilitanguliza haja za msingi za maskini, na hilo ni haki. Ama mwenye nacho, ni nani atakayemwambia kwamba haja yake imeishia hapa, na kuanzia hapa ni tamaa? Serikali huweza kutoza kodi na kupiga marufuku, lakini haziwezi kumfundisha mtu kutosheka. Swali hilo hatimaye hurudi nyumbani, baina ya watu wanaokula chungu kimoja.

Wapo wawili waliojaribu kulijibu kwa muda wa nusu karne, tena kwa hesabu na kwa mikono yao. Scott Nearing alizaliwa Pennsylvania, Marekani, mwaka 1883. Alikuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akaondolewa kazini mwaka 1915 baada ya kupiga kelele dhidi ya ajira ya watoto. Mwaka 1917 akaandika kijitabu cha kuipinga vita, akashtakiwa, na mwaka 1919 baraza la wazee wa mahakama likamwona hana hatia. Kuachiwa huko hakukumrudishia ajira. Milango ya vyuo ilikwisha kufungwa. Mwaka 1928 alianza uhusiano na Helen Knothe, binti wa nyumba yenye nafasi, aliyezaliwa mwaka 1904 na kulelewa katika muziki wa fidla. Mwaka 1932, uchumi wa Marekani ukiwa umeporomoka, wawili hao waliuacha mji wa New York wakanunua shamba lililochoka katika milima ya Vermont, kwa dola 300 taslimu na deni la dola 800. Huko walikaa takriban miaka 20, na mwaka 1947 wakafunga ndoa.

Namna yao ya kuishi ilikuwa na kanuni zilizoandikwa. Walijenga nyumba kwa mawe ya shambani, wakiyapanga ndani ya kalibu za mbao na kuyashika kwa saruji. Walikula mboga, matunda na nafaka, wala hawakufuga mnyama. Siku ya kazi waliigawa: muda wa saa nne ulikuwa wa kutafuta riziki kwa mikono, na muda wa saa nne mwengine ulikuwa wa kusoma, kuandika, muziki na mazungumzo. Fedha waliipata kwa mti uitwao mepo, ambao mwishoni mwa majira ya baridi hugemwa kwa kutobolewa shina. Utomvu wake ni mwepesi kama maji. Huchemshwa kwa kuni hadi lita 40 hivi zibaki lita moja ya shira.

Lakini kanuni iliyokuwa nzito kuliko zote haikuhusu mawe wala miti. Kila mwaka Scott na Helen walikaa wakapiga hesabu ya fedha watakayohitaji, na ilipopatikana, waliacha kutafuta fedha hadi mwaka wa pili. Hawakuacha kwa sababu utomvu umekwisha au wanunuzi wamekimbia. Waliacha kwa sababu walikwisha kukubaliana juu ya kikomo kabla ya jasho la kwanza kutoka.

Hapo ndipo maisha yao yanapotoa somo la maadili, wala si pale wanapopenda kuliona wengi. Wengi huvutiwa na jembe, nyumba ya mawe na mkate uliookwa nyumbani, wakadhani kwamba wema umo ndani ya vitu hivyo. Jembe halina wema wala ubaya. Mtu aweza kulima kwa mikono na moyo wake ukawa unahesabu eka za jirani. Kilicho adimu ni kuweka mpaka wakati ambapo njia bado iko wazi mbele. Mfanyabiashara wa kawaida huanza kwa kuuliza atapata kiasi gani, kisha huipanga haja yake ilingane na pato. Wao walianza na haja, kisha wakalipangia pato mwisho.

Msomaji wa visiwani ana haki ya kutoa hoja hapa. Mvuvi anayerudi pwani na samaki wa kutosha siku moja, kwa kuwa chombo chake ni kidogo na barafu hana, naye anaishi bila ya ziada. Mama anayeteka maji kisimani kwa sababu mfereji umekauka, naye anatumia maji kidogo kuliko mwenye bomba ndani ya nyumba. Je, nao ni wakinaifu? Kuwaita hivyo ni kuwadhulumu mara mbili: kwanza wamekosa, kisha ukosefu wao unapambwa uwe fadhila ili asiwepo mtu wa kuona aibu. Aliyekosa hakuchagua. Haja yake ni kupata, na hakuna hekima iliyo na haki ya kumtaka apunguze kisichokuwapo. Kwa hivyo kukinai si wadhifa wa maskini. Ni deni la mwenye uwezo wa kuchukua zaidi, na wala haiwi sahihi mwenye deni akalipeleka kwa asiyekopa.

Scott Nearing alilijua hilo. Alikuwa mjamaa kabla ya kuwa mkulima, na hakuwahi kuamini kwamba umaskini wa wengine unaponywa kwa mtu mmoja kujinyima. Hata hivyo, hoja ya uwezo inawagusa yeye na Helen wenyewe. Kitabu chao, Living the Good Life, walichokitoa mwaka 1954 na kuchapishwa upya mwaka 1970, kiliwafanya vijana wengi wa Marekani waamini kwamba watu wawili wanaweza kuishi kwa shamba dogo na mikono minne. Maelfu waliwatembelea, na baadhi yao wakanunua mashamba. Mwaka 2003 Jean Hay Bright, aliyewahi kuwa jirani yao, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba hesabu ile haikuwa kamili: urithi ulisaidia kuliendesha shamba, na kitabu hakikuwaeleza wasomaji ukubwa wa msaada huo. Waliowafuata kwa mikono mitupu waligundua kwamba jembe peke yake halilipi bili ya daktari.

Hili si jambo dogo la kupitishwa kimya. Anayewaambia watu kwamba njia fulani inapitika, naye ana daraja ambalo hawalioni, anawakosea hata kama hakukusudia. Usemi wa kujitegemea ulikuwa sehemu dhaifu ya mafundisho yao. Lakini kosa hilo haliiangushi kanuni ya kikomo, bali linaifafanua. Mtu mwenye urithi ndiye hasa anayepaswa kuulizwa atasimama wapi. Kama wangekuwa hawana kitu, kusimama kwao kusingekuwa na maana yoyote. Walikuwa na njia ya kupata zaidi, na mwaka baada ya mwaka hawakuifuata. Wangalisema wazi kwamba walikuwa na akiba, mfano wao ungalikuwa mdogo kwa sifa na mkubwa kwa manufaa.

Inabaki kuuliza kile kisichochukuliwa kinakwenda wapi. Bahili naye hujizuia. Hula kidogo, huvaa nguo kuukuu, na siku ya kufa kwake huonekana sanduku. Ukitazama maisha ya nje tu, bahili na mkinaifu hufanana kama pacha. Tofauti huonekana mlangoni mwa jirani.

Vermont, kwa upande huu, iliwashinda. Walitamani pawe na ushirika wa majirani, na katika kitabu chao walikiri kwamba haukusimama. Majirani walikuwa na desturi zao na mapumziko yao, nao wageni wawili wenye ratiba iliyoandikwa hawakuweza kuwa kiini cha kijiji. Ilipodhihirika kwamba mlima wa Stratton ulio karibu nao utageuzwa kuwa mahali pa mchezo wa kuteleza thelujini, waliondoka mwaka 1952. Lakini kabla ya kuondoka, sehemu kubwa ya msitu wao waliutoa kwa mji wa Winhall uwe msitu wa umma, ilhali ardhi ya pale ilikuwa ikielekea kupanda bei. Ushirika walioushindwa kuujenga kwa maneno, waliuachia angalau miti.

Huko Maine, katika rasi ya Rosier inayotazama ghuba ya Penobscot, walianza upya, mara hii wakipata fedha kwa bluberi, tunda dogo la rangi ya buluu. Mwaka 1968 kijana mmoja, Eliot Coleman, alifika na mkewe wakitafuta pa kulima. Scott na Helen waliwauzia eka 60 kwa dola 33 kila eka, bei ileile ambayo wao walinunulia miaka mingi nyuma. Coleman baadaye akawa miongoni mwa walimu mashuhuri wa kilimo cha mboga kisichotumia kemikali, hasa kilimo cha majira ya baridi ndani ya vibanda visivyopashwa moto. Hakuna kifungu katika vitabu vya Nearing kinachoeleza kukinai vizuri kuliko bei hiyo. Ardhi ilikwisha kupanda, soko lilikuwa tayari kulipa, na wauzaji wakaona kwamba kupanda kule hakukutoka katika jasho lao. Walichokiacha hakikupotea hewani wala hakikuingia sandukuni. Kilikuwa nafasi ya mtu mwengine kuanza.

Kuna jirani aliye karibu zaidi kuliko wote, naye ni yule wa ndani ya nyumba. Kikomo kilichowekwa na mmoja juu ya wawili si kukinai kwa yule wa pili, ni kunyimwa. Nyumba nyingi zimeteswa na mume mwenye kanuni nzuri ambazo mkewe ndiye aliyezilipia. Scott alimzidi Helen kwa zaidi ya miaka 20, na ni yeye aliyemhimiza binti yule aliyelelewa na fidla aende akafanye kazi ya kiwandani ili ayajue maisha ya wengi. Ingekuwa rahisi kumwona Helen kama mfuasi tu. Lakini katika kuta zile yeye ndiye aliyekuwa mwashi: Helen alipanga mawe, Scott alichanganya saruji. Na nyumba ya mwisho ya mawe waliijenga Maine katika miaka ya 1970, mume akiwa ameshavuka miaka 90. Mtu hutii amri kwa mwaka mmoja au miwili. Hapangi mawe kwa miaka arubaini kwa jambo asilolitaka.

Scott aliipeleka kanuni yake hadi mwisho kabisa. Alipokaribia kutimiza miaka 100 aliamua kuacha chakula, na alifariki tarehe 24 Agosti 1983, siku 18 baada ya kutimiza umri huo. Hapa wasomaji wengi wa pwani watatengana naye, na wana hoja. Mali mtu aweza kuiwekea mpaka kwa sababu amepewa aitumie; uhai ni amana, na mwenye kuwekeshwa hachagui siku ya kuirudisha. Kutengana huko kunafunza jambo. Hata kikomo kina kikomo chake. Kukinai ni adabu ya mtu mbele ya vitu, wala hakumpi umiliki wa kila kitu hata wa pumzi yake.

Helen alifariki mwaka 1995 katika ajali ya gari, na shamba la Maine limebaki chini ya uangalizi wa taasisi inayowapokea wageni. Watu bado huenda kuzitazama kuta. Yumkini wengi wao hurudi na nia ya kujenga nyumba kama zile, na pengine wachache hurudi na nia iliyo ngumu zaidi: kukaa na mwenzi wao, karatasi mezani, na kuandika kiasi kitakachotosha mwaka ujao, kabla ya kujua soko litaleta nini.

Kazi hiyo haihitaji shamba wala mlima. Inawezekana Vermont na inawezekana kisiwani, katika nyumba ya mwenye hoteli, ya mwenye duka na ya mwenye cheo, ambao kila mwaka hupata zaidi na kila mwaka huona kwamba hakijatosha. Yule mvuvi na yule mama wa kisimani hawaulizwi swali hili. Wao wanangoja jibu la wengine. Na jibu hilo, liwe la hiari au la, litafika. Ama wenye nacho watakinai kwa kuridhika, wakiwa bado wana cha kuwaachia wenzao. Ama watakinai kwa kuchafukwa na moyo, sahani ikiwa tupu na wenzao wakiwa hawajala.