Mwenda Tezi na Omo: Ngamani Alikuwa Nani?

Methali hii ni ya mabaharia wa pwani, lakini imepanda mlima Kilimanjaro. "Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" husemwa hata mimbarani Marangu na Machame, mbele ya washarika ambao wengi wao hawajawahi kukanyaga jahazi. Husemwa hasa Desemba, pale kanisa linapofurika hadi watu wakasimama nje madirishani, nusu yao wakiwa wametoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo. Mhubiri huitaja, watu hutikisa kichwa, ibada huendelea. Kila mtu anadhani ameielewa.

Tezi ni nyuma ya chombo, kwenye usukani. Omo ni mbele, panapopasua maji. Ngama ni chini, tumboni mwa chombo, yanakokusanyika maji yanayopenya kwenye mbao na yale yanayorushwa na mawimbi. Hakuna anayepigania kukaa huko. Pana giza na harufu ya samaki wa juzi, na mwenye zamu huchota na kumwaga, huchota na kumwaga, kwa kuwa akilala maji hayalali.

Maana iliyozoeleka ni kwamba tembea uwezavyo, mwisho utarudi kwenu. Mzazi humwambia kijana mwenye kiburi cha mjini kama onyo, na msibani huwa faraja. Wachaga wengi waliofia mbali hurudishwa kuzikwa kihambani, katika shamba la ukoo la migomba na kahawa walikolala babu zao, na hapo methali husikika kana kwamba ngama ni kaburi. Siikatai maana hiyo. Naona tu imechukua kipande na kuacha kingine kizito zaidi.

Kwanza, anayetoka tezi kwenda omo hajatoka chomboni. Aliyehamia Mbezi au Toronto akadhani amekiacha kijiji ametembea tu juu ya sitaha, na chombo kikianza kuzama atalowa kama wenzake. Pili, methali haikusema marejeo ni omo. Anayerudi harudi mahali pa kuonekana, anarudi panapovuja.

Sasa tazama tunavyorudi. Wiki ya mwisho kabla ya Krismasi stendi za Dar es Salaam hujaa, magari hufuatana Chalinze, Korogwe, Same, hadi Moshi. Nyumbani mbuzi wa ndafu amekwisha kuandaliwa, mtori uko jikoni, kuta zimepakwa chokaa. Jumapili, baada ya ibada, watu hutoka nje kwenye mnada. Sadaka za mazao zimepangwa nyasini: mkungu wa ndizi, trei ya mayai, maparachichi, jogoo aliyefungwa miguu. Mzee wa kanisa mwenye sauti anamnyanyua jogoo juu. Elfu ishirini! Thelathini! Bwana mmoja mwenye miwani ya jua anataja laki moja, vigelegele vinapigwa, naye anasema jogoo apewe bibi yule pale aliyekaa kwenye benchi. Bibi anashukuru, "Aika, baba, aika sana." Tarumbeta zinalia.

Sina ugomvi na laki moja. Paa la kanisa huezekwa kwa laki kama hizo, na bibi atamla jogoo wake. Lakini hapo ni omo, tena omo hasa. Jirani wa bibi, anayemtekea maji mwaka mzima, hakupigiwa vigelegele, na pengine siku hiyo hakuja ibadani kwa kuwa alibaki kukata majani ya ng'ombe.

Wahubiri wetu hupenda kuiunganisha methali hii na Mwana Mpotevu wa Luka 15, na wanafanya vizuri kuliko wanavyojua. Kijana yule, akiwa bado kwa nguruwe, alitunga hotuba ya kumwomba baba ampokee kama mmoja wa vibarua. Kwa lugha ya mabaharia, aliomba kupangiwa zamu ngamani. Alipofika, baba alimkatiza kabla hajafika kwenye ombi hilo, akaita vazi na pete na ndama aliyenona. Sisi tunaorudi tumekariri sherehe tukaisahau hotuba. Tunateremka kwenye gari tukiwa tumekwisha kujivisha pete wenyewe.

Tena yuko kaka. Yule kaka alikuwa wapi ngoma zilipoanza kulia? Shambani. Akakataa kuingia, na lalamiko lake linaeleweka kabisa kwa Mchaga: miaka yote hiyo hakupewa hata mwana-mbuzi afurahi na rafiki zake. Mimbarani huyu huchapwa maneno kwa wivu wake. Mimi namwona kuwa ndiye mtu ambaye methali yetu imemnyamazia. Ili pawe na ngama ya kurejea, lazima pawe na mtu aliyebaki humo akichota maji wakati wengine wakipunga upepo. Asingekuwapo, wasafiri wangerejea kwenye mbao zinazoelea.

Kwa mila ya Kichaga mtu huyo mara nyingi ana jina: ni kitinda mimba. Yeye ndiye hurithi nyumba ya baba na mama, na pamoja na nyumba hurithi dawa za shinikizo la damu, safari za hospitali, ng'ombe, na mgeni anayebisha hodi saa tatu usiku. Ndugu wakubwa humwonea gere kwa ajili ya kihamba, naye huwaonea gere kwa ajili ya mshahara. Kaka mkubwa anaingia na mabegi. "Shikamoo, mama." "Marahaba, baba. Pole na safari." Mama anamkumbatia, analia, anaita majirani. Kitinda mimba amesimama mlangoni kashika ndoo, na hakumbuki mara ya mwisho mama kulia machozi ya furaha kwa kumwona yeye. Lakini mama ataionaje furaha hiyo kwa mtu anayemwona kila asubuhi?

Historia ya kanisa lenyewe mlimani inatoa ushahidi. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Mmoja wa waliowafuata baadaye, Bruno Gutmann, alifanya kazi Old Moshi kwa miaka mingi akijaribu kuujenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, mambo aliyoyakuta huko tayari. Mwaka 1920, baada ya vita, Waingereza waliwaondoa Wajerumani. Shule na sharika zilibaki mikononi mwa walimu wenyeji, na Walutheri wa Marekani wakaja baadaye kusaidia. Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, walikuta watu bado wanasali, watoto bado wanafundishwa. Vitabu vingi humtaja Gutmann. Wale walimu waliobaki, wengi wao hatuyajui hata majina, ingawa bila wao huyo aliyerudi asingekuwa na pa kurudi.

Methali ina upofu mwingine, nao ni wa binti. Chombo hakibagui anayekwenda omo ni nani, lakini kihamba kimebagua siku nyingi. Binti aliyeolewa Rombo au Dodoma anapokuja kwao Krismasi huitwa mgeni, na kumbe ndiye anayeingia moja kwa moja jikoni, ndiye anayemwogesha mama na kuona kidonda mguuni ambacho watoto wa kiume hawakuambiwa. Hana shamba pale, wala hatazikwa pale. Kama kurejea maana yake ni kushuka panapovuja, yeye amerejea kuliko wote, ingawa mila inamhesabu kuwa mpita njia.

Kwa hiyo kuungana tena na ndugu baada ya miaka si suala la kukumbatiana tu. Mchaga aliyemkosea ndugu yake alijua la kufanya: alichukua jani la sale, mmea ule ule unaopandwa mipakani mwa vihamba, akaenda kuomba radhi. Wengi wetu hatuna kosa la wazi la kulipelekea sale. Hatukugombana na mtu, hatukutukana mtu, tulituma na hela. Kosa letu ni kwamba tulikuwa juu, na hilo halina jani lake.

Ziko familia zilizoanza kulishughulikia kwa njia isiyo na mbwembwe. Siku mbili tatu baada ya Krismasi, kabla magari hayajageuza, ndugu hukaa chini ya migomba na daftari. Nani atampeleka mama kliniki Februari, nani Machi. Nani atachukua likizo wakati wa masika ili kitinda mimba naye aende Tanga kwa wakwe zake apumzike. Aliye ng'ambo asiyeweza kuja hulipa mshahara wa msaidizi, jambo ambalo ni jema, ila wengine humkumbusha kwa utani kwamba hela haiwezi kumgeuza mgonjwa kitandani. Vikao hivyo huwa na maneno. Dada hupaza sauti, kaka mkubwa hutazama saa, mtu huvuta la mwaka juzi. Mara nyingi mama mwenyewe ndiye hukataa ratiba, akisema hataki kusumbua watu wenye kazi zao, na hapo hulazimu kumwita mzee wa kanisa wa mtaa aje kumsihi.